Daktari Adoch Aliyeangusha Sahani

Ndugu zetu, sogeeni karibu. Mimi ni Okullo, mdogo wa marehemu, na leo nasoma bila kipaza sauti. Sababu mtaisikia.

Dada yetu, Daktari Adoch, alizaliwa tarehe 3 Machi 1978 katika kambi ya polisi Nsambya, binti wa marehemu Sajini Ocaya na mama yetu, Mama Aol. Alisoma shule ya kambini, kisha Mengo, kisha Makerere, alikosomea udaktari. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama akimwambia, "Nyamaza!" yeye aliuliza, "Mpaka saa ngapi?"

Mwaka 2006 alifunga ndoa na Bwana Okidi, wakahamia hapa Ntinda. Mungu akawajalia Otema na Aloyo.

Ofisi yake ya utafiti wa dawa ilituomba aya hii tuiondoe kwenye programu. Tumeikataa. Adoch alikuwa akichunguza dawa ya maumivu ya viungo iliyotengenezwa kwa magome ya mti. Waliojitolea kuimeza walikuwa askari, majirani zetu wa zamani. Kila walipoulizwa hali, walijibu, "Niko sawa, afande." Wakubwa wa ofisi wakaandika kwamba dawa haina madhara. Jamani! Nani kambini aliwahi kumwambia mkubwa kwamba anaumwa? Adoch alizaliwa humo, hakudanganyika. Aliingia ukumbini walimokaa askari hao, akaangusha sahani ya bati sakafuni aone kama kelele inawaumiza. Watu waliozoea bunduki waliziba masikio. Mzee Oyat, rafiki wa baba yetu, alitokwa na machozi.

"Pole, mzee. Inauma?"

"Niko sawa, daktari."

Siku zile, kumbe, wake zao walikuwa wakilalamika: mzee hataki taa, anasema shati linamchoma ngozi, kuku akiparua uani anafoka. Wakubwa wakamwambia Adoch maneno ya wake si ushahidi, alete mgonjwa atakayesema mwenyewe. Hakumpata. Iliniuma sana, na inaniuma hadi sasa.

Kansa ya ini ilimshika Februari 2024. Alifariki Alhamisi, 12 Juni 2025, akiwa nyumbani. Alipokuwa mgonjwa nilimsihi apumzike, akanijibu, "Nitapumzika wakisema."

Ameacha mume, watoto wawili, mama yetu, na mimi. Kesho tunampeleka Kitgum.

Na nyinyi, wazee wetu wa kambini, nawaona mmekaa kule nyuma na miwani ya jua humu ndani; ni kwa ajili ya masikio yenu nimeacha kipaza sauti. Kamati itakayoamua kama dawa hii iuzwe madukani inakaa Jumatatu. Mkiulizwa hali, chonde chonde, msijibu kiaskari. Semeni inauma, dada yetu apumzike.