Kaseti Niliyoificha Chini ya Mashuka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, kwa sababu leo nimesimama hapa na aibu, lakini moyo wangu unafurahi.

Munanijua. Tangu tulipokuwa Louisville, nikipanga maboksi kwenye ghala kule South End, mpaka tulipohamia hapa Buffalo, mimi ni mtu wa kwaya. Na munajua sheria yetu: mwanakwaya akikutwa na miziki ya dunia, anakaa benchi, haimbi na wenzake. Nilijivunia hiyo sheria kupita kiasi.

Bon. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwaka huu nilipewa Mama Odessa, mama mweusi wa hapa Amerika, anakaa mtaa wa Black Rock. Kiharusi kilimchukua upande mmoja na maneno karibu yote. Siku ya kwanza binti yake, Denise, alinieleza kwamba mama alikuwa mwimbaji. Usichanani alijulikana, kisha watu wakamsahau, akafua mashuka ya hoteli miaka mingi. Halafu miaka ya themanini akatoa wimbo mmoja, na wimbo ule ukamrudisha. Kila redio iliupiga. Denise akanipa kaseti yake, akasema niiweke kila wakati wa chakula, maana bila huo wimbo mama hali kitu.

Ndugu zangu, niliisikiliza nusu dakika. Ngoma, magitaa, mwanamke analia kwa sauti. Nikasema hapana, shetani hapiti mlango huu. Nikaificha kabatini chini ya mashuka, nikaweka nyimbo za kwaya yetu kwenye simu.

Mama Odessa akafunga mdomo. Nikileta uji, anageuza uso ukutani. Wiki ikapita, nguo zikaanza kumpwaya. Daktari akasema ikiendelea hivyo atalazwa, alishwe kwa mpira wa puani. Denise akaniuliza kama ninaweka kaseti. Nikajibu ndiyo. Mimi, mtu wa kwaya!

Ndipo nikawaletea nyinyi ombi, na mulifunga siku tatu kwa ajili yake. Wengine mulifunga mukiwa kiwandani, mumesimama zamu nzima. Donc, nyinyi muna njaa, mgonjwa ana njaa, na dawa iko kabatini, nimeifunika kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku ya tatu nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamuuliza Mungu mbona amenyamaza. Sikusikia sauti yoyote. Nilimwona tu mama ananitazama, machozi yanamtoka, mkono wake mzima ameunyoosha kwenye redio yake ya kaseti. Nikavunjika, ndugu zangu. Alikuwa ananiomba siku zote hizo, na mimi nilikuwa namhubiria.

Nikaitoa kaseti, nikaiweka. Yule aliyeshindwa kutamka hata jina la binti yake aliimba. Aliimba maneno yote, mpaka mwisho! Na nilipotulia kuusikiliza huo wimbo, kumbe ni mwanamke anashukuru: alitupwa, na kuna mtu alimkumbuka. Nililia hapo hapo na bakuli mkononi. Kisha akafungua mdomo, akala uji wote.

Nilimpigia Denise nikamwambia ukweli. Akasema, "Ungeniambia tu, dada." Hakunifukuza kazi. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwalimu wa kwaya, sheria ni sheria. Nitakaa benchi na sitanuna. Lakini kesho wakati wa chakula nitaiweka tena hiyo kaseti, na keshokutwa pia, nisikufiche. Na wewe unayeomba huku umeficha kitu, kitoe leo, umwamini Mungu. Mimi nilimwogopa bure. Alinipokea na uongo wangu, akanifungua.

Nyinyi mulioshinda na njaa kwa ajili yangu, munisamehe. Asanteni sana. Mama Odessa anakula.