Kiti cha Baba

Kwenye kamio, lori ya mizigo ya kupanda Fizi, karani mmoja wa mji wa Baraka alimweleza mama aliyeketi naye juu ya magunia kwa nini aliuza tukutuku yake, pikipiki aliyosafiri nayo.

"Baba aliniita, iko mugonjwa. Mi nikaacha barabara kubwa, nikapita ya mulima, nione ziwa. Nilisimama hata mara tatu."

Pale hata mimi, abiria niliyekuwa nikiwasikiliza, husimama.

"Ulimukuta?" mama akauliza.

"Alikuwa ameomba bamuweke inje kwa kiti, aangalie barabara kubwa, asikilize tukutuku. Mi nikatokea nyuma, kwa shamba. Alikuwa amekwisha kufa."

"Angekufa tu, mutoto yangu."

"Ndiyo, mama. Lakini alikufa anaangalia njia yenye mi sikupita."

Kamio ikasimama pale mama alipokuwa anashukia. Mama alikuwa amefungua kinywa. Ikabidi ashuke na jibu lake.