Mama Punguza na Kadi Yetu ya Matibabu

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha sare za shule, karani wetu wa utumishi, Mama Punguza, anastaafu. Jina hilo alilipata kihalali. Hakuna muuza nyuzi aliyewahi kutoka ofisini kwake na bei aliyoingia nayo, na majani yake ya chai yalimwagiwa maji ya moto hadi yakakata tamaa.

Ndiyo maana tulipigwa na butwaa mwaka ule wa kuchagua bima ya afya. Karibu wote tulitaka ile ya bei nafuu; makato madogo, kadi inang'aa, nini tena? Mama Punguza akaomba ruhusa, akaenda kukaa kwenye benchi la hospitali ambako bima hiyo ingetupeleka. Aliporudi alituambia kwamba daktari alipita mara moja tu, tena akielekea nyumbani, na dirisha la dawa lilikuwa na kila kitu isipokuwa dawa. Kisha yeye, bahili wetu mkuu, akaipigia kura bima ghali! Mpiga pasi wetu alidai mama ana homa.

Tukamfuata. Naye akambana wakala wa bima mpaka bei ikashuka, hata wafagizi wakaimudu. Mwaka uliofuata mshonaji wetu wa kola alijifungua mapacha kabla ya wakati. Wakatunzwa hospitalini kwa kadi hiyo hiyo, na leo wanavaa sare tunazoshona.

Wiki iliyopita wakala alikuja kufuta jina la mama. Kufuta? Tulishtuka. Ndipo akatueleza bei ilishukaje siku ile: alimtaka mama aondoe kundi moja, watoto njiti au wastaafu. Mama akaondoa wastaafu, bila kutuambia. Na sote tunajua mumewe anasafishwa damu kila wiki. Mimi, fundi cherehani niliyekunywa naye chai miaka yote hiyo, sikuwahi kujua. Hata sasa moyo haujatulia.

Tukaitisha kikao papo hapo. Wastaafu wamerudi kwenye bima, kuanzia na yeye na mumewe. Badala yake tumeondoa miwani yetu kwenye bima. Mama alipoambiwa alibisha sana. Kwa mara ya kwanza, tulimshinda.

Asante, Mama Punguza. Kapumzike, uishi kwa raha na afya, wewe na mzee. Na tukipishana barabarani nisikusalimie, usinune. Nitakuwa sijakuona.