Marufuku Inaanzia Darajani

Basi la kutoka mjini Apia kurudi kijijini lilijaa, na kama ilivyo ada ya huko viti vikiisha, Iakopo alimpisha kiti Mzee Tuimavave, kisha mzee akampakata. Sieni, jirani yake Iakopo, aliyebanwa dirishani pembeni yao, alijizuia kucheka. Juzi tu mzee huyu na baraza lake la machifu walimpiga Iakopo marufuku kusema kijijini, la sivyo afukuzwe yeye na mama yake. Kosa lake, aliuliza kwa nini katazo la kuvua haliwahusu machifu.

"Hapa si kijijini, mzee," Iakopo alisema. "Niambie, kwa nini mnanifunga mdomo?"

"Ukiuliza wewe, kesho atauliza mwenzako, mwishowe itabidi tujibu. Sogea, unaniumiza goti."

"Kwani jibu ni gumu?"

"Jepesi mno. Hapo ndipo penye aibu."

"Si muache kuvua?"

"Halafu tule nini, kijana?"

Iakopo alifungua mdomo, lakini basi likavuka daraja la kuingia kijijini. Akaufunga.

"Nimekuuliza, tule nini?" Mzee alimsukuma mgongoni kwa kidole. Abiria wote walisubiri. Sieni aliomba moyoni asijibu.

Basi liliposimama, mzee aliwageukia abiria. "Mnaona wenyewe," alisema. "Hana hoja."