Boga la Mbegu

Garimoshi la kutoka Kigoma lilikuwa limeshaipita Urambo. Mama Flavia wa Usinge, aliyekwisha kujitambulisha kwa behewa zima, alipakata boga na kumuuliza jirani yake, Fakhria wa Cheyo, Tabora mjini, kile kidole kilichofungwa kitambaa kimefanyaje.

"Boga, mama. Nilipolipiga kisu likabingirika."

"Ungekata kwanza kipande kidogo kitakoni, likae. Halafu vidole mbali, unakandamiza kisu polepole."

"Mama mkwe ana njia isiyo na damu. La pili nililichemsha zima, likakatika laini kabisa."

"Hapo umepata."

"Nimepata nini, mama? Si tumeamriwa hata sisi wa mjini tulime? Nimepanda mbegu zake, mvua imenyesha, haijaota hata moja. Na kesho balozi wa nyumba kumi anakuja kukagua shamba."

Mama Flavia alimkodolea macho. "Mbegu za lile ulilochemsha?"

"Ndizo. Zilitoka safi!"

Mimi niliyekaa mkabala nao nilidhani atacheka. Badala yake alimwekea boga lake mapajani. "Panda za hili. Usilichemshe."

"Si umesema nimepata?"

"Kwa kula, mwanangu! Kwa kula!"

"Sasa nitalikata bichi kwa kidole gani?"

Garimoshi likasimama Tabora, Mama Flavia akateremka. Fakhria, badala ya kushuka naye, akachomoa kisu kikapuni, akanigeukia.

"Kaka, hebu nishikie hili boga."

Nilikitazama kile kidole, nikatia mikono yote miwili mifukoni.