Ketty Nekesa Odera na Jina la Bi Tian

Marehemu Ketty Nekesa Odera alizaliwa tarehe 21 Agosti 1955 karibu na Webuye, wakati wa mavuno, ndiyo maana akaitwa Nekesa. Alisoma huko huko hadi kidato cha nne, kisha akaingia chuo cha ualimu. Mwaka 1978 alipangiwa kazi Mombasa, akafundisha darasa la kwanza kisiwani humu mpaka alipostaafu. Wengi mliosimama hapa ndiye aliyewaonyesha kushika penseli.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na marehemu Jeremy Odera, fundi wa reli, wakafanya makao Ganjoni. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Seth. Mzee Odera alipofariki mwaka 2009, Seth ndiye aliyebaki kuwa kila kitu kwake.

Kwa hiyo mwaka 2016, Seth alipomwoa Jiayi, mkalimani kutoka Uchina, Ketty alijiona ameporwa. Harusini hakwenda. Mwaka uliofuata mamake Jiayi, Bi Tian, alisafiri kuja kumwamkia. Ketty akajifungia chumbani, akatuma neno kwamba presha imempanda. Jirani yake, Bi Manar, ndiye aliyemkaribisha mgeni na kumtilia chai, kisha akaja kugonga mlango taratibu.

"Mama Seth, mtu ametoka mbali. Toka umpe mkono tu."

Hakutoka. Bi Tian alikaa sebuleni hadi alasiri, akaacha zawadi zake mezani, akaenda zake.

Januari 2021 Bi Tian alifariki kwao. Safari zilikuwa zimezuiwa kwa ajili ya korona, na Jiayi akayatazama maziko ya mamake kwenye simu, ameketi sakafuni jikoni. Ketty, aliyekuwa amekwenda kumwona Seth, alimkuta hapo. Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Alimwambia Bi Manar kwamba salamu aliyomnyima Bi Tian ingali kooni mwake, na wa kumpa hayupo tena.

Hakujua aombeje radhi. Alichojua ni kuandika, basi akamwomba Jiayi amfundishe kuandika jina la Bi Tian kwa Kichina. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alichora maumbo jinsi alivyoyaona, na Jiayi akamrudisha nyuma kila mara: kila mstari una zamu yake, wa juu kabla ya wa chini, wa kushoto kabla ya wa kulia. Mwalimu mstaafu akalalamika kuwa jina likishakamilika hakuna atakayejua lilianzia wapi.

"Mama angejua," Jiayi akasema.

Tian maana yake ni shamba, na huandikwa kama kisanduku chenye msalaba ndani. Ketty alikuwa akikifunga kisanduku kwanza, ndipo atie msalaba. Jiayi akamzuia mkono.

"Ukifunga mlango sasa, watu wa ndani wataingilia wapi? Mstari wa chini ndio wa mwisho."

Ketty akaweka kalamu chini. "Siku ile sikuwa na presha," akasema.

"Alijua. Alikusikia chumbani ukicheka kwenye simu."

Jiayi akasogeza karatasi nyingine, akamwambia aandike tena. Hakumwambia kwamba amemsamehe, wala Ketty hakuthubutu kuuliza. Aliandika jioni baada ya jioni, mpaka mkono ukazoea njia yake.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alitamani kwenda mwenyewe kaburini kwa Bi Tian, lakini madaktari wakamkatalia. Aprili 2024 Jiayi alikwenda na karatasi aliyoiandika Ketty, akaichoma pale kaburini, kama ilivyo desturi yao, huku Ketty akitazama kwa simu kutoka kitandani. Jina lilipoungua, Ketty alisema halikutosha.

"Mwambie nilikuwa nyumbani," akasema, "na nilikuwa mzima."

Jiayi akaligeukia kaburi, akayasema hayo kwa Kichina, polepole, yote.

Ketty alituaga Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, hospitalini hapa Mombasa, na leo analazwa kando ya mumewe katika makaburi ya Mbaraki. Aliagiza habari hii isomwe bila kupunguzwa, na kwamba Jiayi asitajwe kama mke wa mwana.

Ameacha mwana, Seth, binti, Jiayi, na mjukuu, Ashley.

Mola ampumzishe katika amani yake.