Joto la Nadine

Kijiwe chetu hapa Kasongo ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Djafari. Anauza kahawa na kuchaji simu, ndiyo maana tunamwita Volti. Nyuma ya kibanda, hatua sitini na nne kwa hesabu yangu, imesimama anteni ya simu. Asubuhi ile Cirhuza, mchimba dhahabu na jirani wa anteni hiyo, alikuja amembeba mgongoni binti yake Nadine, mwenye miaka minne. Mtoto alikuwa anawaka homa. Majuma mawili kabla, tulikuwa tumemzika kaka yake kwa homa kama hiyo.

— Wazee, nimupeleke Wamaza? Kule hakuna anteni.

— Leo leo! akajibu Radjabu, mwendesha pikipiki tunayemwita Embreyaje, yaani klachi. Ile kitu inapika damu. Nikipita hapa, hata tanki ya essence ya pikipiki inakuwa moto.

— Ni jua, Embreyaje, akasema Volti.

— Na kuku yako? Haiko inataga tena. Mayai inaivia ndani ya tumbo!

— Kuku nilishaikula.

Hapo nikaingilia:

— Anteni haina kosa. Nimepima kwa kipimajoto changu. Juzi, nyumbani kwao, Nadine alikuwa na digrii thelathini na tisa na nukta mbili. Jana, kwa shangazi yake, hatua elfu mbili kutoka hapa, thelathini na tisa na nukta nne. Baba yake, anayelala chumba kimoja naye, thelathini na sita na nukta saba.

— Papa Grégoire, akasema Radjabu, mutoto ni sufuria kidogo. Inachemuka haraka kupita ile kubwa.

— Na ikitolewa motoni, inapoa haraka vilevile, nikajibu. Huyu hakupoa.

Nakiri kwamba nilifurahi kumshinda.

Emilienne, muuguzi aliyehamia juzi kutoka Kabambare, alikuwa amekuja kuchukua simu yake. Aligusa shingo ya mtoto, akanigeukia.

— Papa, hizi siku mbili za kupima, nani alimutoboa kidole juu ya kutafuta malaria?

Nilirudisha kipimajoto mfukoni.

— Na kaka yake, yule nasikia alikufa na homa?

Cirhuza alitutazama mmoja mmoja.

— Mulisema ni anteni, akasema polepole. Yule tulimuhamisha kitanda tu, mbali na anteni.

Emilienne alikuwa ameshamchukua mtoto. Radjabu aliwasha pikipiki, wakaondoka kuelekea kituo cha afya. Cirhuza alikimbia nyuma yao kwenye vumbi, akiita jina la yule tuliyemzika.